UVIKO wa muda mrefu: mazoezi au mapumziko? Jibu huja siku ya tatu

Mgonjwa anatembea nusu saa Jumatatu na kujisikia vizuri. Jumanne anaendelea na shughuli zake. Jumatano hainuki kitandani: mwili mzito, kichwa kimejaa ukungu, koo linawasha kana kwamba mafua yanaanza. Nani atakumbuka kuihusisha Jumatano hiyo na matembezi ya Jumatatu? Mporomoko wa namna hii baada ya kujitumikisha huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 72, na ubishi mwingi kuhusu UVIKO wa muda mrefu umejificha ndani ya ucheleweshaji huo. Daktari anayempima mgonjwa dakika kumi baada ya zoezi humkuta yuko sawa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo rasmi ya hali hii Oktoba 2021: dalili ambazo kwa kawaida zipo miezi 3 tangu maambukizi, zimedumu angalau miezi 2, na hazielezeki kwa ugonjwa mwingine. Kapu hilo ni pana mno. Yumo aliyetoka chumba cha wagonjwa mahututi na makovu kwenye mapafu, na yumo aliyeugua nyumbani siku nne, kisha mwili ukagoma.

Wanaotetea mazoezi wana hoja nzito. Mtu akilala wiki kadhaa, ujazo wa damu hupungua, misuli husinyaa, na moyo huanza kwenda mbio kwa kusimama tu. Mapumziko yenyewe huzaa dalili zinazofanana na ugonjwa. Jaribio la REGAIN la Uingereza, lililochapishwa 2024, lilihusisha watu wazima 585. Programu ya wiki 8 ya mazoezi yaliyosimamiwa kupitia intaneti, pamoja na msaada wa kisaikolojia, iliinua ubora wa maisha yao kuliko ushauri wa mara moja. Nafuu ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo. Ila washiriki wote walikuwa wamewahi kulazwa hospitalini kwa UVIKO. Kulichukua tokeo hilo na kumbebesha yule wa siku nne nyumbani ni kuvuka mto bila kujua kina chake.

Upande wa pili una kumbukumbu chungu, iliyotangulia korona. Mwaka 2011 jaribio la PACE, lenye washiriki 641 wenye ugonjwa wa uchovu sugu (ME/CFS), ambao nao huleta mporomoko huohuo, lilitangaza kwamba mazoezi yanayopandishwa hatua kwa hatua yanasaidia. Wakosoaji waligundua jambo la ajabu: mtu aliruhusiwa kuingia kwa kuwa na alama 65 au chini kwenye kipimo cha uwezo wa mwili, na baadaye alama 60 zikatumika kama mojawapo ya vigezo vya kupona. Yaani ungeweza kuzorota na bado ukatimiza kigezo hicho. Isitoshe, mporomoko baada ya kujitumikisha haukuwa sharti la kuingia. Oktoba 2021 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, iliondoa mazoezi ya kupandishwa kwa ratiba maalumu katika mwongozo wake wa ME/CFS. Kisha mwaka 2024 watafiti wa Amsterdam walichukua vipande vya misuli vya wagonjwa 25 wa UVIKO wa muda mrefu kabla na baada ya zoezi zito. Baada ya zoezi, uharibifu wa misuli uliongezeka na utendaji wa mitokondria, vinu vya nishati ndani ya seli, ukashuka. Uvivu hauleti picha ya namna hiyo.

Kwa maoni yangu, swali la "afanye mazoezi au apumzike" limeulizwa mapema. Linalotangulia ni hili: je, anaporomoka? Daftari la wiki mbili hutosha kuanza. Kila siku aandike alichofanya kwa mwili na kwa akili, saa alizolala, na hali yake kwa alama 0 hadi 10. Akiona siku mbaya zinafuata siku za shughuli nyingi kwa pengo la siku moja hadi tatu, ratiba ya kuongeza mazoezi kila wiki isimguse. Asipoona mfuatano huo, mazoezi mepesi yanayosimamiwa ni ya busara, na kumlaza ni kumdhuru.

Anayeporomoka hugawa nguvu kwa kipimo. Huanza chini ya kile anachokimudu siku mbaya ya kawaida, wala si siku nzuri. Siku nzuri ndiyo inayowaponza wengi. Kazi ya nusu saa hukatwa vipande vya dakika 10, na katikati mtu hulala chali bila simu, maana kusoma ujumbe nako hula nguvu. Wengi hutumia mapigo ya moyo kama mpaka: wastani wa mapigo ya asubuhi wa siku 7, ongeza 15. Mwenye 68 anaishia 83. Kanuni nyingine ni 220 toa umri, zidisha 0.6, wa miaka 40 anapata 108. Pengo hilo linaonyesha kuwa zote ni makisio, na aliye dhaifu sana aanze na ya chini. Anayetumia dawa za kupunguza mapigo asitegemee kanuni hizi. Kuongeza ni jambo moja kwa wakati, dakika moja au mbili, kisha kungoja siku tatu kamili kabla ya kuhukumu.

Mbinu hii nayo ina kasoro ambayo watetezi wake huipitia haraka: haiponyi, na NICE yenyewe inasema hivyo. Mpaka uliowekwa wakati wa udhaifu unaweza kugeuka kifungo baada ya mwili kupata nafuu. Ndiyo maana mwongozo huohuo unaruhusu mpango binafsi wa shughuli, chini ya mtaalamu wa viungo anayeujua ugonjwa, kwa mgonjwa anayejiona tayari. Kifungu hicho husahauliwa na pande zote mbili.

Wakati mwingine mpaka hupanuka kwa kutibu kitu kingine. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi (40 kwa vijana wa miaka 12 hadi 19) ndani ya dakika 10 za kusimama, bila shinikizo la damu kushuka, huenda ni POTS, yaani hali ya moyo kwenda mbio kupita kiasi mtu anaposimama. Apimwe akiwa na mtu kando, asije akaanguka. Maji lita 2 hadi 3 kwa siku, chumvi zaidi, na soksi za kubana zinazofika tumboni husaidia, kwani za magotini hubana sehemu ndogo tu ya damu inayotuama chini. Mwenye shinikizo la juu, ugonjwa wa moyo au wa figo asiongeze chumvi bila daktari wake. Na maumivu ya kifua, kuzimia, au oksijeni inayoshuka wakati wa kutembea huchunguzwa kwanza, kabla daftari halijafunguliwa.