Manjano ya mtoto: fungueni nepi kwanza

Nilikwenda Ujiji kumpa hongera binti wa dada yangu. Mtoto ana wiki 5, kanenepa, ananyonya vizuri, ila macho yake ni kama yamepakwa binzari. "Tunamwanika jua kila asubuhi, mama mdogo," akaniambia. Ushauri huo alipewa mtoto akiwa na siku 4, na manjano ya umri ule kweli mara nyingi huisha yenyewe. Lakini yakipita siku 14, mtoto apimwe damu.

Nepi ndiyo iliyonitisha. Choo kilikuwa cheupe, rangi ya ugali wa muhogo, na mkojo umeacha doa kama la chai ya rangi. Choo hupata rangi yake kutokana na nyongo. Kikiwa cheupe, nyongo haifiki utumboni. Inarudi kwenye damu na kutokea kwenye mkojo. Jua halizibui mrija wa nyongo.

Kipimo cha kwanza ni bilirubini, ile rangi ya manjano iliyo kwenye damu, na isiwe ya jumla tu. Wapime na ile ambayo ini limeshaichakata. Ikizidi miligramu 1 kwa desilita, tatizo liko kwenye ini au mirija ya nyongo. Hapo ndipo chanzo kinatafutwa: maambukizi, kaswende aliyozaliwa nayo, tezi ya shingo, au mirija iliyoziba. Hiyo ya mwisho haisubiri. Upasuaji wake, uliobuniwa na daktari Mjapani Morio Kasai miaka ya 1950, hufaulu zaidi kabla ya siku 60. Na ultrasaundi ikitoka safi, bado haijatosha kuiondoa shaka.

Sasa hesabuni nami. Chanjo ya wiki 6 ni siku ya 42. Zinabaki 18, na ndani yake kuna barua ya rufaa, nauli na safari ndefu ya kutoka Kigoma. Kwa hiyo nasema siku ile ya chanjo kila muuguzi, akishapima uzito, aombe kuona nepi. Kutazama hakuna gharama.

Ile ya kwetu tuliifunga kwenye kipande cha khanga tukaenda nayo hospitali. Daktari aliifungua, akaitazama kimya, akaandika vipimo vya damu na sindano ya vitamini K palepale, maana bila nyongo vitamini hiyo hainyonywi vizuri na mtoto anaweza kuvuja damu. Siku hiyo mtoto alikuwa na siku 37.