Maabara ya Kwenye Skrini na Mirunda Iliyosahaulika

Wabunifu wa ulimwengu pepe wa kufundishia wana kauli wanayoipenda: mwache mwanafunzi azunguke, aguse, akosee, atagundua mwenyewe. Anayehoji huambiwa anataka turudi kwenye ubao na kukariri. Si kweli. Wanaodai mwongozo, yaani mirunda ya kumshikilia mwanafunzi kama ile ya jengo linalojengwa, hawana ugomvi na kompyuta.

Upande wa ugunduzi una hoja. Kwa mwanasaikolojia Jean Piaget, mtoto hujijengea maarifa, hamiminiwi. Seymour Papert, mtaalamu wa kompyuta na elimu, akaongeza kuwa hujenga vizuri zaidi anapotengeneza kitu cha kuonekana. River City, ulimwengu pepe uliobuniwa na Chris Dede na wenzake wa Harvard, iliwaingiza wanafunzi katika mji wa karne ya 19 wakatafute kwa nini watu wanaugua. Kitabu hakimpi mtoto nafasi hiyo. Na kwa shule ya Dar es Salaam yenye madarasa yaliyofurika na bureti (mirija ya vipimo ya kuteremshia asidi) chache tu, bureti ya kwenye skrini haivunjiki.

Ila tuhesabu kidogo. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Nelson Cowan alihitimisha kwamba kumbukumbu ya kazi, ile inayoshika mambo wakati tunayafikiria, humudu vipande vinne hivi. Vinne! Sasa chukua titresheni, jaribio la kupima ni asidi kiasi gani inatosha kumaliza besi: 25 cm³ za besi kwenye flaski, matone mawili ya methyl orange ya kuonyesha mwisho kwa rangi, asidi kwenye bureti. Mwanafunzi ashike usomaji wa mwanzo, ateremshe asidi, atikise flaski, avizie njano inapoanza kugeuka. Nafasi zimekwisha. Mwongezee kitufe cha kutembea, kipanya cha kugeuza kamera na kabati la vifaa lililoko chumba cha pili, kemia itakaa wapi? Asidi inapitiliza, rangi inakuwa nyekundu, programu inaandika “jaribu tena”. Anabofya upya bila kujua kwamba karibu na mwisho alipaswa kwenda tone moja moja, takriban 0.05 cm³ kila tone. Amekosea, sawa, lakini kosa halijamfundisha kitu. Kipindi cha dakika 40 nacho hakimsubiri.

Guido Makransky na wenzake, katika utafiti wa 2019, waliwapitisha wanafunzi 52 wa chuo kikuu kwenye maabara ya kuigiza, kwa skrini ya kawaida na kwa miwani ya uhalisia pepe. Miwani iliwafanya wajihisi wamo ndani zaidi, lakini wakajifunza machache kuliko kwa skrini ya kawaida. Ni watu 52 tu, lakini anayeuza miwani kwa hoja ya “kujihisi umo ndani” ana la kujibu.

Wabunifu hao hao hujikinga kwa watafiti Jean Lave na Etienne Wenger, walioandika mwaka 1991 kwamba mtu hujifunza akiwa ndani ya kazi yenyewe. Basi twende kwa mafundi cherehani wa Liberia, ambao Lave aliwachunguza. Mwanagenzi hakupewa mkasi na jora la kitambaa akaambiwa agundue suruali. Alianzia hatua za mwisho za nguo: vifungo, pindo, pasi. Kushona kulifuata, kukata kukaja mwisho kabisa, maana kifungo kikikosewa hufumuliwa, kitambaa kikikatwa vibaya kimekwenda. Fundi wa Kariakoo angeshangaa tunahitaji nadharia kwa hili.

Titresheni ya kwenye skrini ingefuata njia hiyo hiyo. Mara ya kwanza bureti iwe imeshajazwa, mwanafunzi ahangaike na matone ya mwisho tu. Ya pili asome vipimo mwenyewe. Ya tatu ajaze, atoe povu la hewa kwenye ncha, aondoe faneli isije ikadondosha tone na kuharibu usomaji. Maelekezo yakae ubavuni mwa bureti, si ukurasa mwingine. Kutembea kufutwe.

Mtafiti wa elimu Manu Kapur ameonyesha kwamba wanaopambana na swali kwanza ndipo wakafundishwa wanaweza kuelewa dhana vizuri kuliko walioanza kwa kufundishwa. Hoja nzuri, na mara nyingi hunukuliwa nusu: kwake mwalimu anakuja, amechelewa tu. Na mirunda ni ya kung'olewa. Aliyekwisha kujua kazi hucheleweshwa na maelekezo yale yale yaliyomsaidia juzi, kwa hiyo programu isiyo na njia ya kuyazima nayo ina kasoro, hata kama maabara yake inang'aa.