Kofia, Wanja wa Kijani na Mama Mkwe

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, hawezi kutazama tamthilia ya mashujaa bila kuisimamisha katikati na kuihoji kama shahidi mahakamani. Ajabu ni kwamba mambo makubwa hayamsumbui. Barry Allen, shujaa wa tamthilia ya The Flash, kupigwa na radi akaamka na mbio za kuishinda sauti, hilo alilipokea bila kukunja uso. Kilichomkaa kooni ni kofia.

Hoja yake, ambayo nimeisikia mara nyingi kuliko ninavyopenda, ni hii. Katika msimu wa kwanza wa Arrow, tamthilia nyingine ya mashujaa, ulioanza Oktoba 2012, Oliver Queen anawaandama matajiri waovu wa Starling City akiwa amejifunika kofia ya jaketi na kujipaka rangi ya kijani kuzunguka macho, basi. Kinyago alikuja kupewa na Barry mwezi Desemba 2013, msimu wa pili ukiwa umeshika kasi. Kabla ya hapo alisimama hatua chache tu mbele ya Laurel, mwanamke aliyewahi kuwa mpenzi wake, akazungumza naye kwa sauti iliyonenepeshwa na kifaa, na Laurel asijue anazungumza na nani. Iris wa The Flash ndiye aliyemmaliza kabisa shemeji: amekua nyumba moja na Barry, ni mwandishi wa habari, anaandika habari za shujaa huyohuyo, lakini baba yake, wafanyakazi wenzake Barry na hata Eddie, mpenzi wake, wote wanaijua siri kabla yake.

Mimi nilikuwa upande wa watunzi. Nilimweleza kwamba Barry huutetemesha uso na sauti yake anapokuwa mbele ya Iris, na kwamba mtu humtambua yule anayemtarajia mahali anapomtarajia. Kuhusu Joe, baba yake Iris, kusisitiza kwamba bintiye afichwe ili awe salama tulielewana haraka, kwa kuwa sote tuliona kwamba msichana anayewafuatafuata wahalifu kwa ajili ya habari angekuwa salama zaidi kama angejua anachokifuata. Lakini juu ya kofia hatukusogea hata inchi moja, mpaka shemeji aliposema, "Basi wewe jifunike, umsimamishe dada yangu kwenye ngazi akitoka kazini. Asipokutambua, nitanyamaza mpaka msimu wa mwisho."

Ahadi ya shemeji kunyamaza si kitu cha kuachwa kipite. Jioni hiyohiyo nilivaa jaketi lenye kofia, nikachukua wanja wa kijani kwenye meza ya mke wangu, nikajipaka kuanzia nyusi hadi kwenye mashavu, nikashuka ngazi za jengo letu na kusimama kwenye kona ya ghorofa ya kwanza, ambako taa ilikuwa ikififia na kuwaka kadiri ilivyojisikia. Shemeji alijibanza chini ya ngazi akiwa na simu, tayari kurekodi ushahidi. Sote wawili hatukufikiria kwamba mke wangu angeweza kupanda lifti.

Baada ya kusubiri mpaka wanja ukaanza kunitiririka pamoja na jasho, tulisikia hatua. Akapanda mwanamke mtu mzima, amevaa barakoa, miwani imejaa ukungu wa pumzi zake, mkononi ana mfuko mzito. Hakuwa mke wangu, lakini tayari alikuwa ameniona, na mtu aliyejipaka kijani machoni akikaa kimya kwenye giza hutisha kuliko anayesema. Nikaikwaruza sauti yangu kadiri nilivyoweza: "Mama, usiogope. Ngazi hizi zina ulinzi."

Akanitazama kuanzia kofia hadi miguuni, na miguuni akakaa kidogo. "Ahsante, mwanangu," alijibu kwa sauti iliyokauka kwa mafua. "Umeanza kuzilinda lini?"

"Tangu zilipomhitaji mtu."

"Basi nishikie mfuko huu unifikishe juu. Nakwenda kwa mkwe wangu, na huyo namjua, hawezi kushuka kunipokea."

Nikaushika mfuko. Naomba msomaji anielewe: nilikuwa ndani ya uhusika, na nilipanda ghorofa mbili nzima nikimwonea huruma mama wa watu kwa kupata mkwe wa aina hiyo. Hata aliposimama mbele ya mlango wangu na kubisha, wazo la kwanza lililonijia ni kwamba amekosea nyumba.

Mke wangu akafungua. "Mama! Mbona hukusema kama unakuja?" Kisha akanigeukia, kofia na wanja na yote, bila kusita hata nukta moja: "Na wewe, huo ni wanja wangu?"

Shemeji alipanda ngazi akiruka mbili mbili, akishangilia kwamba ametambuliwa, ametambuliwa, kesi imekwisha. Akaonyesha rekodi yake kwa furaha, na hapo ndipo furaha ilipomgeuka, kwa sababu simu ilikuwa imenasa pia minong'ono yake mwenyewe chini ya ngazi: "Huyu bibi kizee katokea wapi tena? Atatuharibia mambo." Bibi kizee alivua barakoa, akamtazama mwanawe aliyemzaa, akamnyonyesha na kumlea, ambaye barakoa moja na mafua kidogo vilitosha kumfuta akilini mwake.

Nikamwuliza shemeji kwa upole kama bado anamshangaa Iris.

Lakini aliyenifurahisha zaidi ni mama mkwe. Alisema alinitambua papo hapo kwenye ngazi kwa kamba za viatu, moja nyeupe na nyingine ya kahawia, ambazo amekuwa akizilalamikia kila anapotutembelea. Alinyamaza kwa makusudi. Mfuko ulikuwa mzito, na mlinzi wa ngazi angeubeba, wakati mkwe angetafuta udhuru. Hiyo ndiyo sababu ya mpelelezi Lance wa Arrow, baba yake Laurel, ambayo shemeji hakutaka kuisikia hata siku moja: katika msimu wa kwanza alimshuku Oliver na hata kumkamata, kisha katika msimu wa pili akamwambia Laurel kwamba hataki kujua nani yuko chini ya kofia, kwa kuwa akishamjua atakuwa mtu wa kawaida, mwenye familia na maisha yake, na hatafaa tena kwa kazi ambayo mji unamhitaji aifanye. Watu husema watunzi walisahau kumpa Lance macho. Mimi nasema walimpa mfuko mzito.

Shemeji ameifuta rekodi, kwa bahati mbaya, kama anavyodai, na ahadi ya kunyamaza ameitafsiri kuwa inahusu suala la kofia peke yake. Sasa amehamia kwa Diggle, mlinzi wa Oliver, ambaye Oliver alipokamatwa alivaa lile jaketi na kutokea badala yake ili kumwondolea lawama, na mji mzima ukaamini kwamba mabega yale mapana ni ya mtu yuleyule wa siku zote. Anataka tufanye jaribio jingine, safari hii yeye ndiye avae jaketi langu. Nimemwambia halitamtosha. Amesema hiyo ndiyo hoja yake.