Chanjo ya malaria: kwa nini kinga hutofautiana

Jaribio kubwa la chanjo ya RTS,S, lililofanyika katika nchi 7 za Afrika kati ya 2009 na 2014, liliacha takwimu mbili za kutazamwa pamoja. Watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi 4, malaria ilipungua kwa asilimia 36 katika miaka karibu minne. Walioanza wakiwa na wiki 6 hadi 12 waliambulia asilimia 26, kwa chanjo ileile.

Wanaotaka tuanze mapema wana hoja nzito: mama tayari yuko kliniki kwa chanjo nyingine, na malaria haimsubiri mtoto akue. Lakini mwili wa kichanga bado hutengeneza kidogo kingamwili, yaani protini za mwili zinazopambana na vimelea, na zile alizorithi kwa mama huenda zikaizuia chanjo kufanya kazi. Mimi naona Shirika la Afya Duniani lilifanya vyema kupendekeza chanjo ianze mtoto akifikisha miezi 5, ingawa inauma kumwacha mtoto miezi yote hiyo.

Upande wa dozi ndio unaonishughulisha zaidi. Mwaka 2016 ilichapishwa taarifa kwamba watu wazima wa Marekani waliocheleweshewa dozi ya tatu na kupewa sehemu yake ndogo tu walikingwa kwa asilimia 87, dhidi ya 63 kwa ratiba ya kawaida. Matumaini yalipanda. Mbinu hiyo ilipojaribiwa kwa watoto wa Ghana na Kenya, haikuonyesha ubora wowote juu ya dozi kamili. Hali kama hiyo ilijitokeza Bagamoyo kwa chanjo nyingine ya malaria, PfSPZ: watu wazima wa Tanzania walitoa kingamwili chache kuliko Wamarekani. Mwili uliokwisha kukutana na vimelea mara nyingi hauipokei chanjo kama mwili mgeni. Kwa hiyo matokeo ya watu wasiowahi kuugua malaria yasitupangie ratiba.

Kingamwili hizi pia hushuka ndani ya miezi michache, na hapo majira yanaweza kutusaidia. Burkina Faso na Mali, watoto waliochanjwa kabla ya mvua na kupewa pia dawa za kinga walipata malaria kali pungufu kwa takriban asilimia 70 kuliko waliopewa dawa peke yake. Ila hilo linawezekana pale malaria inapojikusanya katika miezi michache. Panapoumwa mwaka mzima, hakuna msimu wa kuuwahi.