Ya nyumbani au ya ugenini? Hesabu ya shabiki wa Kisumu na Kakamega

Ligi Kuu ya Kenya ina timu 18. Kila moja hucheza mechi 34 kwa msimu, 17 nyumbani na 17 ugenini. Kwa mkaazi wa Nairobi hesabu hiyo haina utata. Kwa shabiki wa K'Ogalo, yaani Gor Mahia, anayelala Kondele mjini Kisumu, au wa Ingwe, yaani AFC Leopards, mwenye duka lake Lurambi, Kakamega, ratiba humjia kichwa chini miguu juu. Gor Mahia, klabu ya mwaka 1968, na AFC Leopards, iliyozaliwa 1964 kwa jina la Abaluhya, zina mizizi Nyanza na Magharibi, ila mechi zao za nyumbani kwa sehemu kubwa huchezwa Nairobi, kilomita 350 hivi kutoka Kisumu kwa barabara. Zile zinazoandikwa ugenini, dhidi ya Kakamega Homeboyz katika uwanja wa Bukhungu, Kakamega, au dhidi ya Shabana katika uwanja wa Gusii, Kisii, ndizo anazoweza kuzifikia akiwa amekula chakula cha mchana kwake.

Ndiyo maana yale mabishano ya nani shabiki wa kweli, anayejaza uwanja wa nyumbani au anayefunga safari, huku kwetu hayaishi kwa maneno ya jumla. Anayetaka kuamua vizuri ajiulize maswali mawili. Shilingi yangu ya kiingilio inaingia mfuko wa nani? Na sauti yangu inamsaidia nani? Mara nyingi jibu la kwanza humvuta upande mmoja na la pili likamvuta upande wa pili.

Tuanze na pesa, kwa sababu ndizo zinazosahaulika haraka zaidi ngoma zikianza kulia. Kwa kawaida mapato ya langoni ni ya klabu mwenyeji. Tiketi ya ligi imezoeleka kuwa shilingi 200 jukwaa la kawaida na 500 jukwaa kuu, ingawa debi ya Mashemeji, Gor dhidi ya Ingwe, hupanda. Chukua mfano wa mashabiki 3,000 wa jukwaa la kawaida: ni shilingi 600,000 kabla ya makato. Kisha kuna kodi ya uwanja, polisi, walinzi wa milango, ambulansi na ada ya mfumo wa tiketi. Nyingi ya gharama hizo hazipungui kwa kuwa watu ni wachache. Ambulansi ni ile ile wakija 300 au wakija 3,000. Kwa hiyo mamia ya kwanza wanaoingia wanalipia tu haki ya mechi kuchezwa, na faida huanzia kwa wanaofuata. Mechi ya katikati ya wiki, saa tisa alasiri, watu wako kazini, inaweza kuiacha klabu mwenyeji na deni ilhali imeshinda mabao matatu.

Upande wa nyumbani una hoja nzito kuliko watu wa safari wanavyokiri. Klabu nyingi za ligi yetu hazina mdhamini wa kutegemewa mwaka hadi mwaka, na mchezaji aliyekaa miezi miwili bila mshahara hasaidiwi na wimbo. Anayelipa 200 mara kumi nyumbani ameiwekea klabu 2,000 mkononi. Aliyekwenda ugenini mara kumi ameziwekea klabu nyingine 2,000, na pengine ametumia mara tano ya hapo kwa nauli. Na yule anayemshikisha mlinzi mia moja ili apitie mlango wa pembeni, awe nyumbani au ugenini, amemnyima mwenyeji 200 yote. Klabu haioni hata senti ya ile mia. Uvujaji huu ndio unaofanya uwanja uonekane umefurika machoni huku hesabu ya jioni ikisoma nusu ya watu.

Hata hivyo pesa ya ugenini haitupwi mtoni. Kwa klabu ndogo za huku, siku Gor au Ingwe inapokuja ni mavuno. Mwenyeji anayepata watu mia chache wiki nyingine huweza siku hiyo kufidia mechi kadhaa zilizomtia hasara. Shabiki wa K'Ogalo aliyepanga foleni Bukhungu ameisaidia Homeboyz kuendelea kuwepo, na ligi isiyo na Homeboyz imara haina mpinzani wa kumfanya K'Ogalo kuwa hodari. Ni hoja halali. Ila tuiite kwa jina lake: ni msaada kwa ligi, si kwa klabu yako.

Sasa sauti. Hapa watu wa safari wana ushahidi ambao hawautumii. Wakati wa korona viwanja duniani vilifungwa, na vya Kenya pia. Watafiti waliochunguza ligi za Ulaya katika kipindi hicho waligundua kwamba faida ya kucheza nyumbani ilipungua, na kwamba waamuzi walipunguza kadi za manjano kwa timu ngeni ikilinganishwa na siku za uwanja kujaa. Yaani kelele za mwenyeji hazimfanyi mshambuliaji wake kukimbia kasi zaidi kama tunavyodhani. Kwa kiasi kikubwa zinamfikia mwenye filimbi. Watu 10,000 wakiruka kwa pamoja kudai faulo, mwamuzi ni binadamu. Ukilielewa hilo, utaona kazi ya mashabiki 400 wa ugenini ni ipi. Hawawezi kuuzima uwanja. Wanachoweza ni kuhakikisha kuna sauti ya pili, inayosikika hasa pale mwenyeji anaponyamaza: baada ya kufungwa, wakati wa kona, dakika kumi za mwisho. Kundi la ugenini linaloimba mfululizo tangu dakika ya kwanza hukaukwa na koo kufikia dakika ya 60, na huo ndio wakati lilipohitajika.

Historia ya K'Ogalo yenyewe huchukuliwa na pande zote mbili. Mwaka 1987 Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika dhidi ya Espérance ya Tunisia kwa sare ya 2-2 Tunis na 1-1 Kasarani, Nairobi. Jumla ilikuwa 3-3 na kombe likaja kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Mtu wa nyumbani atakwambia kombe lilinyanyuliwa Kasarani mbele ya umati. Mtu wa safari atakujibu kwamba lilikuwa limeshapatikana Tunis, yalikofungwa mabao mawili mbele ya umati wa wengine. Kwa maoni yetu, wa pili yuko karibu zaidi na ukweli wa siku ile, lakini ushahidi wake una mipaka: mabao yale yalifungwa na timu iliyozoea presha, na presha hiyo ilizoewa nyumbani, katika viwanja vya Nairobi vilivyojaa wikendi baada ya wikendi.

Tukija kwenye gari, ndipo maamuzi mengi hufanyika kweli. Chukua matatu ya viti 14 inayokwenda kilomita 10 kwa lita, na tuweke mafuta shilingi 180 kwa lita kwa ajili ya mfano. Kisumu hadi Nairobi na kurudi ni kilomita 700, lita 70, shilingi 12,600. Kwa abiria 14 ni 900 kila mmoja, na hapo hujamlipa dereva wala mwenye gari. Kisumu hadi Kakamega na kurudi, kupitia Majengo, Mbale na Chavakali, ni kilomita 100 hivi: lita 10, shilingi 1,800, kama 130 kila mtu. Mafuta ya safari moja ya mechi ya nyumbani Nairobi yanampeleka mtu mara saba kwenye mechi ya ugenini Bukhungu. Kisii iko katikati, kama kilomita 115 kwenda, na tangu Shabana irejee ligi kuu mwaka 2023 safari ile imekuwa na ladha ya pekee kwa sababu wenyeji wenyewe wanajaza uwanja.

Kinachovuruga safari mara nyingi ni watu wenyewe. Kumi na wanne wanasema "niko ndani", asubuhi wanatokea kumi. Zile 900 za mafuta zinageuka 1,260, wawili kati ya hao kumi hawana, na gari linaondoka saa moja na nusu baada ya wakati. Matawi yenye nidhamu hukusanya angalau nusu kwa M-Pesa kufikia Alhamisi, na anayejiondoa baada ya hapo harudishiwi. Lakini gari lenyewe lisilipwe lote kabla ya Ijumaa jioni. Mechi zetu huahirishwa, uwanja huchukuliwa kwa mkutano, saa hubadilishwa, na mwenye gari aliyepokea pesa zote hana haraka ya kuzirudisha.

Kurudi ndiko kunakopaswa kuamua, kuliko jina la mpinzani. Mchezo wa saa tisa alasiri unaisha karibu saa kumi na dakika 55. Kutoka uwanjani, kuhesabiana na kumngoja aliyepotea kunafika saa kumi na moja na nusu. Kutoka Bukhungu mtu yuko Kisumu jua linazama. Kutoka Nairobi, kwa gari la abiria lisiloruhusiwa kupita kilomita 80 kwa saa, ni saa sita hadi saba, karibu zote za giza, ukipita Salgaa, ambako ajali zimeua watu wengi mno, kisha ukungu wa Mau Summit, na dereva ni yule yule aliyeamka alfajiri kukuleta. Gari la abiria pia linahitaji kibali cha safari za usiku, na si kila matatu inacho. Kundi linaloenda Nairobi mchana na kurudi usiku huo huo kwa dereva mmoja limefanya kosa ambalo hakuna bao linalolifidia. Ama wawepo madereva wawili, ama walale kwa jamaa warudi asubuhi, ama mechi hiyo iachwe. Hatuna lugha laini ya kulisema hili.

Kwa wanaobeba isukuti, kuna jambo la mvua. Kakamega hunyeshewa alasiri sehemu kubwa ya mwaka, hasa Machi hadi Mei, wakati ligi inaelekea ukingoni. Ngoma tatu za isukuti huwambwa ngozi ya kenge, na ngozi hiyo ikipata maji hulegea na kutoa mlio mzito usiofika mbali. Dawa yake ni moto, na moto hauwashwi jukwaani. Zikaushwe kabla ya kuingia, zifunikwe kwa karatasi ya plastiki hadi filimbi ya kwanza, na moja iwekwe akiba chini ya paa. Ni ngoma iliyoingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura mwaka 2014, na haistahili kuachwa ikilowa juu ya benchi.

Usalama una sura mbili pia. Uingereza, timu ngeni ya Premier League hutengewa hadi viti 3,000, au asilimia 10 kwa viwanja vidogo, na tiketi ya mgeni imewekewa kikomo cha pauni 30 tangu msimu wa 2016/17. Argentina ilichukua njia nyingine mwaka 2013 ikawafungia wageni mlango. Kwetu mara nyingi hakuna sehemu iliyotengwa rasmi. Mpangilio huwa ni mazoea na makubaliano ya langoni. Faida yake ni kwamba Mluhya wa Ingwe na shemeji yake wa Gor wanaweza kuketi pamoja. Hasara yake ni kwamba bao la utata likiingia hakuna uzio wala njia. Mgeni afike saa mbili kabla ya mchezo, kundi likae karibu na lango moja linalojulikana na wote, gari liegeshwe likiangalia barabara. Mechi ikiwa imechacha, kukaa kitini dakika 20 baada ya filimbi huokoa mengi. Wenye watoto, nyumbani ni bora, bila mjadala.

Nakuru inaonyesha kinachotokea nyumbani kunapokosekana. Ulinzi Stars, mabingwa wa 2003, 2004, 2005 na 2010, walicheza Afraha kwa miaka mingi. Afraha ilipofungwa kwa ujenzi, timu ilihamia viwanja vya mbali, na shabiki wa Nakuru akajikuta kila mechi kwake ni ya ugenini. Wachache walifuata. Wengi walirudi kwenye televisheni na ligi ya Uingereza. Mapenzi ya ugenini hujengwa juu ya mazoea ya nyumbani, na mazoea hayo yakivunjika misimu miwili mitatu hayarudi kwa tangazo.

Kwa shabiki wa huku mwenye uwezo wa mechi sita kwa msimu, tunaona mgawanyo wa haki ni huu: nne za ugenini za karibu, Kakamega, Kisii na kokote anakoweza kurudi kabla ya giza kukolea, na mbili za nyumbani Nairobi, akilala huko, ikiwemo debi. Lakini asijidanganye kwamba zile nne zimeilisha klabu yake. Kama anataka kuilisha, anunue jezi halali na alipe ada ya uanachama.

Klabu nazo zina la kufanya. Uwanja wa Jomo Kenyatta pale Mamboleo, Kisumu, ulioandaa sherehe za Siku ya Madaraka mwaka 2021, upo. Gor imeshawahi kuleta mechi zake za nyumbani Kisumu. Pingamizi lina uzito: wachezaji wanaishi Nairobi, hivyo klabu italipa basi, chakula na vitanda vya watu 30, na shabiki wa Nairobi atapoteza zamu yake. Ila lango la Kisumu linaweza kubeba gharama hiyo mpinzani akiwa mzuri na siku ikiwa Jumapili, mradi mechi nne za Mamboleo zitangazwe kabla ya msimu kuanza. Zikitangazwa Alhamisi ya wiki ya mchezo, mwenye duka la Lurambi atakuwa ameshapanga mambo mengine.