Kipa anakula goli tisa halafu anashangiliwa

Siku ya kwanza nimepelekwa ukumbi wa KeyBank Center hapa Buffalo, Marekani, kuwaangalia Bandits, timu ya mchezo wa lakrosi, nilikaa kama dakika kumi nikamwambia mshkaji wangu, huyu kipa wenu hamna kitu. Alikuwa keshafungwa matatu. Kwetu kipa akila matatu mapema vile watu wanaanza kuulizana kahongwa na nani. Mshkaji mwenyewe ni Mkongo aliyekulia kambini Nyarugusu kule Kigoma, huku tunapiga naye shifti ya usiku godauni, wala hakunigeukia, akasema tulia kaka, subiri. Mechi inaisha Bandits wameshinda, kipa kala tisa, na ukumbi mzima umesimama unamshangilia yeye. Tisa jamani! Nikabaki nimeduwaa na soda yangu mkononi.

Kipa huyo anaitwa Matt Vinc, na tangu siku ile nimekuwa nabishana na kila mtu kwamba kazi yake ndo kazi ya kipa inayoeleweka vibaya kuliko zote, na mtu wa kwanza kuielewa vibaya nilikuwa mimi.

Kwa wasioujua mchezo, hii ni lakrosi ya ndani, wanacheza kwenye uwanja wa hoki ya barafu ila juu wametandika zulia la nyasi bandia. Lakrosi yenyewe ni ya wenyeji wa asili wa huku, Wahaudenosaunee na wenzao, walicheza kabla Mzungu hajafika. Hii ya ndani ilishika kasi Kanada mwaka 1931, wenye timu ya hoki ya Montreal Canadiens waliona kumbi zinakaa bure kiangazi kizima wakatafuta cha kuweka mle. Mmoja wao, Joseph Cattarinich, aliwahi kuwa kipa wa hoki, na bado hakuwaonea huruma makipa wenzie.

Maana goli ni dogo, kama sentimita 145 kwa 122, ukiliona tupu unasema hapa hata mtoto anaziba. Shida ni mpira. Ni wa raba ngumu iliyojaa ndani, unaenea kiganjani, na unarushwa kwa fimbo yenye wavu kwa spidi inayopita kilomita 150 kwa saa, tena mrushaji yuko mita tano sita mbele yako na kuna jitu limesimama katikati makusudi usione. Anaweza kurusha kwa juu, kwa pembeni, kwa chini, au anageuka anakupa mgongo halafu mpira unatokea juu ya bega lake. Na timu ina sekunde 30 tu za kupiga shuti kwa hiyo mashuti yanakuja tu, usiku mmoja kipa anaweza kupigiwa hamsini.

Sasa piga hesabu. Hamsini, kumi zimeingia, kaokoa arobaini, yaani asilimia 80, na kwenye ligi yao ya National Lacrosse League hiyo ni kazi ya kipa wa juu kabisa. Kipa wa hoki akiwa na asilimia 80 anafukuzwa kabla hajavua viatu. Ndo maana nasema ukihesabu magoli aliyofungwa hujahesabu kitu, angalia anafanya nini sekunde ishirini baada ya kufungwa. Mi siku hizi nakaa nyuma ya goli kabisa, tiketi za kule zina wavu mbele ya macho lakini nimezoea, na ninachoangalia ni ile fimbo. Mpira ukishaingia kipa hapigi kelele na mabeki, anakunywa maji, anarudi, anagonga nguzo ya kushoto kwa fimbo, anagonga ya kulia, bila kugeuza shingo, ndo anajua kasimama wapi. Tap, tap. Basi, lile goli limeshakufa.

Na hapa ndo nabishana na vijana wanaosema ni mambo ya wepesi wa mkono. Hapana. Kipa wa lakrosi ya nje, kwenye nyasi, ndo anadaka kwa fimbo, goli lake ni kubwa na kavaa kidogo. Huyu wa ndani kavaa mapedi mpaka anaonekana kama kabati, hadaki, anaziba. Kazi yake ni kujua mpira utatokea wapi na mwili uwe umeshafika pale, na kitu kama hicho hukijui ukiwa na miaka 22, unakijua ukishapigwa mashuti elfu kadhaa ya kifua. Bob Watson, kipa wa timu ya Toronto Rock, alistaafu 2011 ana miaka 41, mechi yake ya mwisho ilikuwa fainali na walishinda 8-7 na yeye ndo akawa mchezaji bora wa fainali. Steve Dietrich alikuwa kipa wa kwanza kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima, 2006, akiwa hapa hapa Buffalo, na sasa ndo meneja mkuu wa Bandits. Haishangazi kwamba mtu kama huyo mwaka 2018 aliona sawa kumchukua kipa wa miaka 36.

Huyo wa miaka 36 ndo Vinc. Na njia yake haikuwa ya lami. 2009 alikuwa New York Titans wakapoteza fainali kwa Calgary, mwaka uliofuata timu ikahamia Orlando, yeye akachukua tuzo ya kipa bora na timu ikafa msimu ulipoisha. Fikiria, wewe ndo kipa bora halafu huna timu. Akaenda Rochester wakachukua ubingwa 2012, 2013, 2014. Akaja Buffalo, fainali ya 2019 wakapigwa, ya 2022 wakapigwa tena na Colorado, watu wakaanza kusema mzee amechoka (mi mwenyewe nisingewabishia enzi hizo). Halafu 2023, 2024, 2025, zote tatu mfululizo. La mwisho ana miaka 42.

Ila kinachoniumiza ni hiki, huyu mtu ni mwalimu wa shule. Anaishi upande wa Kanada, anavuka mpaka kuja kucheza, maana ligi hii mishahara yake haimtoshi mtu kuishi nayo na mechi zinawekwa wikendi ili watu wawahi kazini Jumatatu. Mabingwa wa ligi kubwa kuliko zote duniani ya lakrosi ya ndani, na unakuta humo kuna walimu, kuna mazimamoto. Sisi tunaopiga kazi mbili hapa Buffalo tukisikia hivyo tunacheka kidogo, kumbe tuko wengi. Lakini siyo haki, ukumbi unajaa maelfu ya watu na bia pale ni bei mbaya, hela inaenda wapi.

Juzi usiku kazini mshkaji wangu yule Mkongo alinionyesha maana ya kipa kuziba. Akasimama kwenye mlango wa chumba cha baridi, akanipa roli la gundi ya maboksi, akasema rusha, nifunge. Nikaangalia, kona ya juu kulia iko wazi kabisa. Kabla sijaachia akapiga hatua moja mbele, kwangu, na ile kona ikapotea, nikarusha hivyo hivyo likamgonga kifuani likaanguka chini.

Akaliokota, akanirudishia. Rusha tena, akasema.