Shangazi Alinitumia Nauli

Wiki iliyopita binamu yangu aliweka picha kwenye kundi la familia la WhatsApp. Amesimama mbele ya kanisa kuu la Santiago de Compostela, kule Uhispania mahujaji wanakokwenda kwa kaburi la Mtakatifu Yakobo, ganda la kombe linaning'inia kwenye begi, midomo imepasuka kwa upepo, viatu havijulikani tena vilikuwa vya rangi gani. Alianzia Porto, Ureno, akaambaa na pwani ya Atlantiki kwa miguu hadi Uhispania, karibu kilomita 280. Mto Minho aliuvuka kwa mashua. Alipofika Vigo alijipa mapumziko ya siku moja akaenda visiwa vya Cíes kuchovya miguu kwenye maji ya barafu. Familia nzima ilishangilia. Hongera! Mungu ni mwema! Mjomba wetu mmoja, ambaye huandika tu kukiwa na mchango wa mazishi, aliweka vile vikono vya kusali, saba kwa hesabu yangu.

Sina kinyongo. Haya, ninacho kidogo.

Agosti mwaka jana mimi nami nilitembea, kuelekea visiwa vya Ziwa Victoria. Nilitoka nyumbani Kisumu asubuhi na mapema, nikapita Kisian, nikashika barabara ya Bondo. Nilipofika Holo nilijipiga picha nimekaa kwenye benchi la muuza chai, kikombe mkononi, nikaiweka kwenye kundi lile lile. Kimya. Kama nusu saa hivi, kimya. Halafu simu ikalia: M-Pesa, shilingi 500 kutoka kwa shangazi. Kabla sijamaliza kusoma ujumbe akapiga mwenyewe. "Mwanangu, kumetokea nini? Mbona hukusema? Panda gari urudi nyumbani, mambo mengine tutayazungumza."

Basi ndivyo ilivyo. Binamu amehiji, mimi nimeishiwa.

Na si shangazi peke yake. Kati ya Kisian na Holo nilisimamishwa na bodaboda nikaacha kuhesabu. Mmoja alipunguza mwendo akanisindikiza karibu kilomita nzima, injini ikinguruma sikioni, bei ikishuka kila tulipopita mwembe: mia mbili, mia na hamsini, mia. Nilipomwambia ninatembea kwa kupenda alinitazama kwa huruma ya kweli, kisha akasema, "Sawa mzee, panda tu, utalipa siku nyingine." Nilikaribia kulia. Ukarimu ule sijausahau, lakini ona ulikotoka: kichwani mwake hakukuwa na nafasi ya mtu mzima mwenye akili timamu anayetembea barabarani bila shida inayomsukuma.

Mtaniambia kutembea kwa ajili ya Mungu si desturi yetu, ni mambo ya Wazungu wenye likizo ndefu. Tafadhali. Kila Mei mahujaji wanavuka Busia kwa miguu kwenda Namugongo, Uganda, wawahi Juni 3, siku ya wale mashahidi waliochomwa moto mwaka 1886. Waumini wa Legio Maria, kanisa letu lililotoka kwa Wakatoliki, wanaelekea Got Kwer, mlima wao mtakatifu, na kanzu zao na rozari zao, na ngoma zao unazisikia kabla hujawaona. Tena huyo Yakobo ambaye Wahispania wanasema wanalo kaburi lake, mwana wa Zebedayo, alikuwa mvuvi wa ziwani. Wa ziwani, si wa baharini! Angeshushwa leo pale Dunga, ufukweni Kisumu, asubuhi wavuvi wakirudi, angejua moja kwa moja ashike wavu upande gani.

Kit Mikayi nilifika siku ya pili na nikakaa siku nzima. Mlinzi alinijia mara mbili kuniuliza kama nimemaliza kupiga picha. Nilikuwa sijaanza. Mnalijua jabali lile, limebebana mawe juu ya mawe pale Seme kama mtu aliyepanga vyungu kisha akaitwa chakulani. Wazee husimulia habari za Ngeso, mzee aliyelipenda jiwe hilo mpaka kila asubuhi akawa anaamkia huko na kushinda huko, mkewe akimpelekea chakula. Watu walipomuuliza mama huyo mumewe yuko wapi, alijibu: amekwenda kwa mikayi, mke wake wa kwanza. Nimeisikia hadithi hiyo tangu utotoni nikaichukulia kuwa kichekesho cha mume mvivu. Siku ile nimekaa chini ya jiwe, akina mama wakiimba ndani ya pango na maji yakidondoka tone moja moja, niliona nimemwonea Ngeso miaka arobaini. Mzee yule hakuwa mvivu. Alikuwa mtu pekee wa Seme aliyejua mahali pale panatumiwaje. Kivuli cha mawe kinazunguka. Saa nne kiko huku, saa tisa kimehamia kule, na waliokuja kusali wanahama nacho wakiwa na mikeka yao bila kukatiza wimbo. Hilo hulioni kwa dakika 20.

Ninajua hulioni kwa sababu niliwahi kwenda kwa dakika 20. Miaka miwili kabla ya hapo nililipia safari ya kampuni fulani ya utalii, siku moja, kila kitu ndani. Tuliondoka Kisumu saa kumi na moja alfajiri. Kit Mikayi: picha, chooni, garini. Luanda K'Otieno: mbio kwenye feri. Kisiwa cha Rusinga, kaburi la Tom Mboya, yule waziri aliyeuawa: robo saa, na kiongozi wetu alishika saa yake wakati wote kama refa. Kisha boti, tukazunguka kipande cha kisiwa cha Mfangano, na tukiwa bado majini akanyoosha chupa ya soda kuelekea mlimani: "Michoro ya kale iko kule juu." Tukapiga picha mlima. Usiku tulikuwa kitandani Kisumu, tumeona kila kitu, na mimi nisingeweza kukuambia hata rangi ya mchoro mmoja.

Ni nyekundu na nyeupe. Duara ndani ya duara, kwenye ukuta wa mwamba huko Kwitone, na kupanda kwenda kuziona kunakutoa jasho ambalo hukulipangia. Safari ya miguu nililala Mfangano siku mbili. Kijana aliyenionyesha njia alipita kwa babu yake kwanza, kwa sababu huwezi kupita kwa mzee bila kumsalimu. Yule babu akanisalimu kwa Kisuba, lugha ya Wasuba wa visiwani. Sikuelewa yote, lakini nilinasa maneno yanayokaribiana na Kiluhya cha majirani zangu Kisumu, na mengine kama binamu wa Kiswahili hiki ninachoandika. Mjukuu akamjibu babu yake kwa Dholuo, yaani Kijaluo. Babu akaendelea kwa Kisuba, kijana akaendelea kwa Dholuo, hakuna aliyeona ajabu. Nimesoma sana kwamba lugha hiyo inapotea. Pale uani niliisikia ikipotea, katikati ya salamu, huku mama akitandaza omena juani.

Na Mboya je? Nilikaa Kamasengre, kaburini kwake, mchana wote. Ukiwa na robo saa unaona jengo la umbo la ajabu na vitu vya marehemu ndani. Unasoma kwamba alipigwa risasi Nairobi Julai 5, 1969, akiwa na umri wa miaka 38, unatikisa kichwa, unaondoka. Mimi nilikaa nje kwenye nyasi nikila ndizi, nikalitazama lile jengo mpaka likanigonga: lina umbo la risasi. Niliambiwa mara ya kwanza, nakumbuka, na nikaandika kwenye simu. Lakini kuambiwa kulipita juu juu. Wamemlaza mtu wao ndani ya umbo la kile kilichomuua, kando ya ziwa, na mbuzi wanakula majani pembeni.

Binamu ananiambia kule Uhispania ukitaka cheti cha hija kama mtembeaji, lazima upige angalau kilomita 100 kwa miguu, na una kijitabu cha kugongwa mihuri njiani kuthibitisha. Ukija kwa basi unakaribishwa, misa utaisikia, lakini cheti usahau. Visiwa vya Cíes navyo vina idadi ya watu kwa siku, ikijaa, unangoja. Fikiria hilo. Kule anayefika kwa gari ndiye mwenye kasoro. Kwetu anayefika kwa miguu ndiye anayetumiwa nauli.

Nitawapa haki yao, ingawa roho inaniuma: ule mshale wa manjano uliopakwa kwenye kuta na mawe ni akili kubwa, na hauhitaji wafadhili. Kopo la rangi na brashi. Sisi tungeanza na semina.

Kuna jambo jingine ambalo siwezi kulikwepa. Baada ya Ndori nilitembea kipande kirefu na mama mmoja aliyebeba karai la samaki kichwani. Nilimweleza ninachofanya, kwa maneno mazuri tu, mwendo wa taratibu, kuiona nchi. Akasikiliza mpaka mwisho. "Mimi nimeiona nchi hii sana," akasema. Nilinyamaza kama kilomita mbili. Yeye anatembea kwa sababu nauli ni faida ya samaki watatu, na mimi nina simu, nina akiba, nina shangazi. Kwa hiyo sitawaambia watu waliochoshwa na njia kwamba njia ni tamu. Ninachokataa ni hii tabia ya kumdharau mtembeaji, yule mama na mimi kwa pamoja: dereva anayewatupa wote wawili kwenye mtaro kwa honi moja, barabara iliyotiwa lami bila hatua moja ya watu wa miguu, na yule aliyechora mpango akiwa amekaa kwenye gari lenye vioo vya giza.

Na hili ndilo linalonichemsha zaidi, kwa sababu hadithi yenyewe iko kwetu. Kurudi nilipanda matatu kutoka Mbita (goti la kulia lilikuwa limeshajiuzulu), nikashuka Kendu Bay, nikatembea hadi Simbi Nyaima. Mtoto gani wa upande huu hajasimuliwa? Kijiji kilikuwa na sherehe, pombe na ngoma. Akaja bikizee kwa miguu, amechoka, anaomba chakula na pa kujisitiri kwa baridi. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu akamwingiza kwake. Bikizee akamwambia ahame na watu wake usiku huo huo. Kisha yakaja maji, na asubuhi palikuwa na ziwa. Lipo mpaka leo, duara, kijani, kimya, halina wavuvi. Tunawapeleka wanafunzi kwa basi wakaambiwe habari za volkeno, na ni vizuri, volkeno ni kweli. Lakini wenye hadithi walitaja kosa wazi wazi. Hawakusema kijiji kilizama kwa wizi au uchawi. Kilizama kwa sababu mtu alifika kwa miguu, wakamwona si mtu.

Mengine ni madogo. Jaketi za kuelea kwenye boti za visiwani zivaliwe, zisikaliwe kama mito. Bei za kiingilio zibandikwe ukutani. Na kijana anayekubeba mgongoni kutoka kwenye boti usilowe viatu, mlipe vizuri. Mimi ni kilo 94 na hakulalamika.

Zile 500 nilizila Luanda K'Otieno, ngege mzima na ugali, nikisubiri feri. Nilimtumia shangazi picha ya sahani. Hakujibu.

Juzi, baada ya picha za binamu, alinipigia. Tuliongea habari za mvua, za ng'ombe, za mjomba na vikono vyake saba. Kisha akakohoa kidogo akaniuliza kama ile safari yangu nitaifanya tena. Nikamwambia Agosti, Mungu akipenda. Akauliza kutoka Holo mpaka Kit Mikayi ni mwendo gani kwa mtu wa umri wake. Nikamwambia ni mfupi, tutapumzika kila penye mti.

"Na choo?" akauliza. "Njiani kuna choo?"

Nikaipiga ile njia yote kichwani, nikafika mwisho, nikarudi. Nikamwambia nitampigia baadaye.